Goti la Baba

Siku ya ishirini na moja tangu aniaibishe mbele ya watu, alikuja karakanani kwetu mchana kweupe, mashine yake kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Nilimwona tangu anavuka barabara. Nikainamia cherehani na kushona mshono ambao ulikuwa umeshashonwa.

"Bibi harusi," shangazi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye zipu zake, "bwana wako huyo anakuja."

"Sina bwana."

"Basi mteja wako. Ila naona kaja na kochi dogo sana."

Sikucheka. Shangazi akacheka kwa niaba yangu.

Karakana yetu inatengeneza makochi, na kwa baba yangu kuna sheria moja tu, nayo ni goti. Kochi likiisha, kabla mteja hajaitwa, baba hukunja mguu wa kulia na kuliangushia goti lake kwa uzito wake wote. Goti likigonga mbao, kochi linafumuliwa, hata kama mwenyewe keshafika na gari la kulibeba. Lisipogonga, baba huchomoa sindano kwenye kofia yake, akakipindua kiti na kushona fundo moja la uzi mwekundu chini kabisa, mahali ambapo hakuna atakayeliona. Nimefanya kazi pale miaka kumi na miwili. Viti nilivyotengeneza havina idadi, na vyote vina uzi mwekundu, na uzi mwekundu ni wa baba. Siku moja nilimuuliza ni lini nitakuwa na uzi wangu. Akaniambia nishone kwanza, nitauliza baadaye.

Huyu aliyekuwa anavuka barabara watu walimwita Kaza, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni. Kaza hii, kaza ile. Ni fundi wa kuchomelea vyuma na wa umeme, na muda wake wote wa ziada aliumalizia kwenye mashine zinazopigana. Ni roboti za kilo kumi na tano, mbili zinafungiwa ndani ya ulingo wa kuta za plastiki ngumu, zinagongana dakika tatu, na kila mwenye yake anaiongoza kwa rimoti akiwa nje. Ya kwake inaitwa Kobe, kwa ajili ya ganda lake la chuma. Alikuja mara ya kwanza kuomba vipande vya sponji vilivyobaki, akasimama nusu saa nzima akinitazama mikono. Wanaume waliowahi kunitazama uso walikuwa wengi. Wa mikono alikuwa wa kwanza, na kusema kweli nilimpenda kabla hajaondoka.

Basi sponji ya Kobe nikaikata mwenyewe. Nikaivika bodi ya umeme, ambayo ndiyo ubongo wake, nikaivika na betri, kila kitu kikakaa humo kikapendeza. Siku ya shindano nilimbembeleza baba aje aone kazi yangu, nikambembeleza wiki nzima, yeye ambaye haendi popote pasipo na mbao. Akaja, akaketi safu ya tatu. Kobe akagongwa pigo moja na kuzima. Ganda halikuwa hata na mkwaruzo wa maana. Mtangazaji akamsogezea Kaza kipaza sauti, akamuuliza kulikoni, naye, jasho likimtiririka, akajibu maneno mawili.

"Sponji imetuangusha."

Ukumbi mzima ukasikia. Baba akainuka, akavaa kofia yake, akatoka. Wiki ile ile wazee wa Kaza walikuwa walete posa, baba akatuma ujumbe wasije. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, na upole wa baba ndio unaoumiza. "Mwanangu, mtu anayekutupia lawama hadharani leo, kesho ndani ya nyumba atakutupia sahani." Nilikuwa nampenda mtu na kumchukia kwa wakati mmoja, na kazi yangu niliyojivunia ilikuwa kichekesho cha ukumbi.

Kaza akaingia. Akaiweka mashine sakafuni polepole.

"Shikamoo, baba."

Baba alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ulikwenda mpaka mwisho wa mstari wa chaki ndipo akaitika. "Marahaba. Hapa tunatengeneza viti."

"Najua, baba. Nimekuja kumwona fundi."

"Fundi ni mimi."

"Nimekuja kumwona fundi aliyeniwekea sponji."

Baba alikunja kitambaa, akaanza mstari mwingine. Kwa anayemjua, hiyo ilikuwa ruhusa.

"Fundi huyo alikuangusha," nikasema. "Au umesahau? Maana wenzio ukumbini hawajasahau."

"Ndiyo nimekuja nijue kama ni kweli."

Nikainua kichwa. Alikuwa amekonda. Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. "Ina maana hujui? Wiki tatu hujaifungua?"

"Sijaifungua."

"Kwa nini?"

"Ningeifungua peke yangu, ningekuja hapa na maneno yangu peke yangu. Nataka tuone pamoja." Akaitazama mashine pale sakafuni. "Na niliogopa nitakachokikuta."

Shangazi akaacha zipu. "Haya, mwanamume anayekiri woga," alisema. "Wa aina hii siku hizi hawatengenezwi. Mfungulieni huyo mgonjwa."

Tukampandisha Kobe juu ya meza ya kukatia. Kaza akafungua skrubu za ganda moja baada ya nyingine, akaliinua. Nikachungulia. Sponji yangu ilikuwa pale, nyeupe, lakini katikati yake, juu ya bodi, palikuwa na bolti mbili nene zenye washa pana, vile visahani vya chuma vya kubania. Zilipita kwenye bodi, zikapita kwenye sponji, zikajikita kwenye chuma cha chini.

"Hizi ni nini?"

"Bolti."

"Bolti naziona. Nauliza zimefikaje kwenye sponji yangu."

Alijikuna shingo. "Asubuhi ya shindano niliitikisa mashine nikasikia bodi inacheza humo ndani. Nikaikaza kidogo."

"Kidogo."

"Kitu kinachocheza ni kitu kibovu. Ndivyo nilivyofundishwa tangu naanza kazi."

Nikachukua spana yake, nikazifungua mwenyewe. Chini ya washa sponji ya unene wa vidole viwili ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba kuliko kitambaa. Nikaitoa bodi, nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Ufa ulianzia kwenye tundu la bolti ya kwanza ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu la pili.

"Njoo uone," nikamwambia. "Pigo limetua kwenye ganda. Ganda limefungwa kwenye fremu, fremu imefungwa kwenye bolti, bolti imefungwa kwenye ubongo. Umelijengea pigo barabara ya chuma kutoka nje mpaka ndani. Sponji ingefanya nini? Imekaa pembeni inawatazama mkipita."

Aliutazama ule ufa kwa muda mrefu. Nilingoja aseme "lakini". Wanaume wengi hapo ndipo husema lakini.

"Ni mimi," akasema. "Kobe nimemuua mwenyewe, halafu nikakusingizia wewe. Mbele ya baba yako."

Aliyasema kwa sauti ambayo shangazi aliisikia na baba aliisikia. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeyatamani maneno hayo, nikipanga jinsi nitakavyoyapokea, kidevu juu, kimya, nimwache aungue. Sasa yalikuwa yamekuja na mimi sikuweza kuinua kidevu, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umefika upande wa betri.

Upande wa betri hapakuwa na bolti. Palikuwa na sponji yangu tupu, na katikati ya sponji palikuwa na alama iliyonyooka, ya ukingo wa fremu. Nikajua mara moja. Betri ilikuwa imeibonyeza sponji mpaka mwisho na kukigonga chuma. Nilikuwa nimechagua sponji ya mto, ile laini ya kuegemea, kwa sababu ilikuwa nyeupe na ilikatika vizuri, na nilitaka mtu mmoja akifungua mashine yake aone kazi safi. Katika karakana ya baba yangu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo.

Ningeweza kunyamaza. Kaza asingeijua alama ile hata ningempa miwani. Lakini baba alikuwa ameuacha mkasi, na mimi ni binti wa baba yangu.

"Na hapa ni mimi," nikasema. "Hapa pamegonga mbao."

Shangazi akainua zipu yake akaanza kuikagua upya, ingawa haikuwa na kasoro.

"Pamegonga?" baba aliuliza kutoka mezani kwake.

"Pamegonga, baba. Sponji ya mto."

"Mm," alisema baba, akarudi kwenye kitambaa chake.

Kaza alitutazama mmoja baada ya mwingine bila kuelewa, kisha akanitazama mimi peke yangu, na macho yale ya siku ya kwanza yakarudi, ila safari hii yalipanda kutoka kwenye mikono mpaka usoni yakabaki hapo. Nilihisi masikio yakinichoma. Nikamgeuzia mgongo nikaenda kwenye rafu ya vifaa.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," shangazi alisema. "Shindano linalofuata lini?"

"Jumamosi, shangazi."

"Leo Jumatano. Mnasubiri nini?"

Nilishusha robota la mikanda. Ni mikanda ya mpira iliyofumwa, ile inayopita chini ya kiti na kukatizana, mtu akikaa inamshusha na kumrudisha. Wateja hawaijui. Wanagusa kitambaa, wanasifia rangi, wanakaa, na kinachowabeba hawakioni.

"Kochi hulikalii kwenye mbao wala kwenye sponji," nikamwambia. "Unalikalia kwenye hii. Bodi na betri tutaviweka kwenye sinia moja jepesi, na sinia tutalining'iniza katikati. Mikanda minane. Lisiguse ukuta wowote."

"Lining'inie?"

"Lining'inie."

"Litacheza."

"Ndiyo kazi yake. Kila upande tuache nafasi ya kidole kimoja, na ukutani tuweke sponji ngumu, ile ya kiti cha gari, ili likizidi kucheza likutane na kitu kinachosukuma. Ganda lako nalo usilikaze chuma kwa chuma. Weka vipande vya mpira wa tairi katikati."

Aliniangalia kama niliyemwambia aende kazini bila viatu. Hata hivyo akavua koti, akatoa mfukoni bodi ya akiba, akakunja mikono ya shati.

Tulifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Mimi nilikuwa nakata na kubana, yeye anavuta mkanda na kuushikilia. Mkanda wa mpira una nguvu, unataka mtu wa kuuvuta asiyetetemeka, na mikono yetu ililazimika kukutana palepale kwenye ukingo wa fremu, kila mkanda mara mbili. Harufu yake ilikuwa ile ile, ya chuma na sabuni ya mche.

"Nimekukumbuka," alinong'ona kwenye mkanda wa tatu.

"Shika mkanda."

"Nimeushika. Nasema nimekukumbuka."

"Umeulegeza. Vuta."

Akavuta. Kwenye mkanda wa tano akasema, "Nisamehe."

"Maneno yale uliyasemea wapi?"

"Ukumbini."

"Basi msamaha wako uko hukohuko ukumbini. Hapa umekuja kufuata mikanda."

Alitikisa kichwa polepole, akakubali. Hakuniomba tena. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimeshamsamehe tangu aliposema "ni mimi", lakini moyo una haki ya kujipa heshima yake, nami sikuwa na haraka.

Kwenye nyaya tuligombana kweli. Yeye alizikata fupi, zikanyooka vizuri, akasimama kuzitazama kwa fahari. Nikamwonyesha tundu la waya wa betri kwenye bodi ya zamani, lilivyong'olewa na mzizi wake. "Waya uliokaza ndio uliong'oa hili. Sinia likicheza, waya ucheze nalo. Acha mzunguko mmoja wa ziada, kisha ufunge karibu na plagi ili mvuto usifike kwenye plagi."

"Nimefanya kazi ya umeme miaka tisa, mpenzi."

"Na Kobe alikufa kwa pigo moja, mpenzi."

Shangazi alilazimika kutoka nje kwenda kuchekea huko. Kaza akazitoa nyaya zote, akaanza upya, ndefu.

Tulipomaliza, baba alikuja akiwa na tepu yake shingoni. Akainama juu ya Kobe, akalibonyeza sinia kwa kidole. Likashuka, likarudi. Akalisukuma pembeni, likaenda likarudi.

"Mkanda wa pili kushoto umelegea kuliko mwenzake," alisema. "Litainama." Akaondoka.

"Baba, hulipimi?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto, niliisikia mwenyewe. "Hulipigi goti?"

"Hicho si kiti," alijibu, akatundika mkasi wake ukutani. "Na Jumamosi nina kochi la watu. Msiningoje."

Nilijikaza kisabuni mpaka Kaza alipofunga ganda na kuondoka. Halafu nikaufumua mkanda wa pili kushoto nikauvuta upya, kwa sababu kweli ulikuwa umelegea.

Jumamosi saa nane mchana nilisimama nyuma ya ukuta wa plastiki, kiganja kwenye kiganja cha mtu ambaye nilikuwa bado sijamwambia kuwa nimemsamehe, mpaka alipohitaji mikono yote miwili kwa ajili ya rimoti. Mpinzani wetu alikuwa na gurudumu la chuma lenye meno, linazunguka kwa kasi mbele yake, na mwenye mashine ile alikuwa dada mmoja aliyefunga kilemba na miwani ya kazi juu yake. Kengele ikalia.

Pigo la kwanza lilimrusha Kobe hewani. Akaanguka kwa ubavu, akajigeuza, taa yake ya kijani ikiwaka. La pili lilimbamiza ukutani mbele yangu, nikaona ganda linavyobonyea, na moyoni nikaliona sinia langu likienda na kurudi, likienda na kurudi. La tatu lilimng'oa gurudumu. Kaza hakusema kaza hata mara moja. Alikuwa anahema tu, na Kobe kwa gurudumu lililobaki akawa anazunguka na kusukuma, anagongwa na kurudi, watu wakaanza kusimama vitini. Nilihesabu mapigo kumi na moja. Dakika tatu zikaisha na taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Waamuzi watatu. Wawili wakampa yule dada, mmoja akatupa sisi. Tulishindwa.

Mtangazaji akaja na kipaza sauti chake. "Safari hii nini kimewaangusha?"

"Gurudumu," Kaza alisema. "Nililichomelea mimi, vibaya." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Lakini wiki tatu zilizopita, hapahapa, nilisema sponji imetuangusha. Haikuwa kweli. Niliikaza sponji ya watu kwa bolti mpaka ikashindwa kufanya kazi, nikaharibu, halafu nikamtwisha aibu fundi aliyeitengeneza. Leo mmehesabu wenyewe Kobe kapigwa mara ngapi, na ndani hakuna kilichokatika. Kilichomweka hai si ganda langu. Ni mikanda ya makochi, na aliyeifunga ni huyu hapa. Naomba radhi kwake, na kwa baba yake popote alipo."

Sikumbuki kama watu walipiga makofi. Nakumbuka yule dada mshindi alivyowaacha waamuzi na kombe lake akaja moja kwa moja kwangu. "Ni wewe uliyefunga ndani?" aliuliza. "Mashine yangu kila pambano inapoteza bodi moja. Karakana yenu iko wapi?"

Kabla sijajibu, mtu nyuma yangu alijibu. "Iko nyuma ya duka la rangi. Jumapili hatufungui."

Baba alikuwa amesimama pale na aproni yake ya kazi, tepu shingoni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakunitazama. Alimtazama Kobe aliyewekwa sakafuni, taa ya kijani ikiwaka bado.

"Msiizime," alisema.

Kisha akakunja mguu wa kulia, mbele ya ukumbi mzima, akaliangusha goti lake juu ya ganda la chuma kwa uzito wake wote. Ilisikika. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu na hakuna aliyethubutu kucheka. Taa ilibaki kijani. Baba akainuka taratibu akijisugua goti.

"Kijana."

"Naam, baba."

"Wazee wako bado wanaijua njia ya kwangu?"

Kaza aliitikia kwa kichwa.

"Basi waje. Na wewe ukija nao, spana iache nyumbani." Baba akapiga goti la kushoto sakafuni, lile zima. "Fungua hili ganda."

Ganda likafunguliwa. Sinia lilikuwa mahali pake, mikanda minane, nyaya zikiwa na mizunguko yake, hakuna alama ya chuma popote kwenye sponji. Baba alipitisha kidole pande zote nne. Akachomoa sindano kwenye kofia. Nikangoja atoe uzi mwekundu.

Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa vibiringo vitatu vya uzi: wa bluu, wa njano, wa zambarau. Mwekundu haukuwepo. Mtu aliyekuwa na kochi la watu Jumamosi alikuwa ametoka nyumbani na nyuzi tatu mfukoni.

"Mwekundu ni wa kazi yangu," alisema. "Hii si yangu. Chagua."

Nikachagua wa njano. Akanipa sindano, nikapiga magoti kando yake, nikatafuta mahali chini ya mkanda wa pili kushoto, pale ambapo hakuna atakayeona. Macho yalikuwa yamejaa machozi, mishono miwili ya kwanza ikaenda kombo kabisa. Baba aliiona. Hakuniambia nifumue.